Katana ya kisasa: Lipia matiko, usilipie tarakimu

Katana, yaani upanga mrefu wa Kijapani wenye makali upande mmoja na uliopinda kidogo, sasa ni bidhaa ya kawaida katika biashara ya kimataifa. Wanunuzi wake ni wanafunzi wa michezo ya upanga, wakusanyaji na wapenda mapambo, wengi wao wakiwa Marekani na Ulaya. Mfanyabiashara mdogo anayeingia katika soko hili hupokea orodha ya bei iliyojaa tarakimu: 1060, 1095, T10, 9260. Akidhani tarakimu kubwa ndiyo bidhaa bora, ameanza vibaya. Somo la wiki hii linahusu namna ya kuisoma orodha hiyo na kuukagua upanga wenyewe kabla fedha hazijatoka mfukoni.

BIDHAA INATOKA WAPI

Jambo la kwanza ni kutenganisha masoko mawili. Nchini Japani katana ni kazi ya sanaa inayolindwa na sheria ya mwaka 1958. Hufuliwa na wahunzi wenye leseni, kwa chuma cha asili kiitwacho tamahagane, ambacho hupatikana kwa kuyeyusha mchanga wa chuma kwa mkaa kwa muda wa siku tatu hivi. Mhunzi haruhusiwi kutengeneza zaidi ya katana mbili kwa mwezi. Kila upanga huandikishwa, na ukiuzwa nje hutoka na kibali cha serikali.

Soko la pili ni la katana za feleji za viwandani. Kituo chake kikubwa ni Longquan, mji wa jimbo la Zhejiang nchini China, wenye sifa ya kufua panga tangu zama za kale. Wapo pia wahunzi wachache wa Marekani wanaotengeneza kwa oda maalumu. Katana za aina hii haziruhusiwi kumilikiwa Japani kwa kuwa hazikutengenezwa kwa njia ya jadi.

Hapo mnunuzi amepata kipimo cha kwanza cha ukweli wa muuzaji. Anayesema upanga wake ni "halisi kutoka Japani" na papo hapo akautaja kuwa ni wa chuma 1095, maneno yake yanapingana. Ama hajui anachouza, ama anajua na anaficha.

TARAKIMU ZINASEMA NINI

Katika mfumo wa Kimarekani, tarakimu mbili za mwisho huonyesha kiasi cha kaboni. Chuma 1045 kina kaboni asilimia 0.45, 1060 kina 0.60 na 1095 kina 0.95. Kaboni ikiongezeka, makali huweza kuwa magumu zaidi na kudumu, lakini upanga nao huwa mwepesi kuvunjika endapo fundi hakuwa makini. Kwa hiyo 1060 iliyotengenezwa vizuri humfaa mwanafunzi kuliko 1095 iliyoharakishwa.

Chuma 5160 ni ndugu wa springi za magari. Kina kaboni asilimia 0.60 hivi pamoja na kromi kidogo. Wahunzi wengi wa Afrika Mashariki wanaofua visu na sime kwa springi chakavu wanaijua tabia yake: hupinda na kurudi. Chuma 9260 nacho ni cha springi, ila kimeongezwa silikoni karibu asilimia 2, nacho husifiwa kwa kustahimili kupinda.

T10 ni chuma cha Kichina cha kutengenezea zana, chenye kaboni karibu asilimia 1. Baadhi ya wauzaji hudai kwamba herufi T ni ya tungsteni, na hupandisha bei kwa hoja hiyo. Si kweli. T10 ni chuma cha kaboni cha kawaida. Kinatoa makali mazuri, lakini asiuziwe mtu tungsteni isiyokuwamo.

Chuma kisichoshika kutu, ambacho sokoni huitwa stenlesi, kinafaa kwa visu vya jikoni. Katika urefu wa katana, ambao kwa kawaida ni sentimeta 70 hivi za makali, hicho ni chuma cha pambo la ukutani. Katana ya stenlesi isiuzwe kwa mtu anayetaka kukatia.

MATIKO NDIYO MALI

Vipande viwili vya chuma kimoja vinaweza kutoa panga mbili zilizo mbali kwa thamani kama usiku na mchana. Tofauti huletwa na matiko, yaani kuupasha upanga moto hadi kiwango kinachotakiwa, kuuchovya, kisha kuupasha tena kidogo ili ugumu usigeuke udhaifu. Kosa la fundi hapa halirekebishwi kwa kung'arisha.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni ya jadi: mgongo wa upanga hupakwa udongo mzito na makali hupakwa udongo mwembamba. Ukichovywa, makali hupoa haraka na kuwa magumu, mgongo hupoa polepole na kubaki laini. Kwa kipimo cha Rockwell C, makali huweza kufika 58 hadi 60 na mgongo ukabaki karibu 40. Mahali pande hizo zinapokutana huonekana mstari wa ukungu uitwao hamoni. Upanga huu una makali bora, lakini ukikatia vibaya hupinda na haurudi wenyewe.

Njia ya pili ni kuutia upanga mzima matiko ya aina moja, kama springi. Hauna hamoni ya asili, lakini husamehe makosa ya mkono. Huu ndio unaomfaa anayejifunza kukata.

Kwa kuwa hamoni hupandisha bei, huigizwa kwa tindikali au kwa brashi ya waya. Kuitambua ni rahisi: mnunuzi auinamishe upanga chini ya taa moja. Hamoni ya kweli ina ukungu na vijinyuzi visivyolingana, na hubadilika kadiri mwanga unavyosogea. Ya kuigiza huwa nyeupe na sawa kutoka mwanzo hadi ncha, kama mstari wa rangi.

Dai jingine ni la chuma "kilichokunjwa mara elfu". Ukikunja mara kumi tu unapata tabaka 1,024. Wajapani walikunja chuma kwa sababu tamahagane haikuwa na kaboni iliyosambaa sawasawa. Feleji ya kiwandani tayari iko sawa. Kuikunja huongeza urembo na gharama, pamoja na hatari ya tabaka kutoshikana. Hakuongezi nguvu.

MSUKA NA MPINI

Ajali nyingi za katana za bei ya chini hazianzii kwenye makali, huanzia ndani ya mpini. Msuka wa upanga wa kukatia lazima uwe kipande kimoja na bapa lenyewe, uwe mpana, na uingie sehemu kubwa ya mpini. Panga za mapambo huwa na kijiti chembamba kilichochomelewa. Upanga wa namna hiyo ukipungwa kwa nguvu huweza kukatika na kuruka, na aliye mbele yake ndiye hulipa.

Mpini wa katana hushikwa na kigingi cha mwanzi. Muuzaji mwaminifu hukubali kigingi kigongwe, mpini uvuliwe na msuka uonekane, au hutuma picha yake. Anayekataa bila sababu aachwe na mali yake. Baada ya hapo, mnunuzi autazame upanga kwa urefu, jicho likiwa karibu na mpini, kuona kama umenyooka. Autikise kusikiliza kama kuna kinachogonga. Na ahakikishe bapa halichezi ndani ya ala.

HESABU YA FAIDA

Chukulia wafanyabiashara wawili, kila mmoja na katana kumi. Wa kwanza hununua kwa dola 120 kila moja na kuuza kwa 200. Karatasi inaonyesha faida ya dola 800. Lakini tatu zinarudishwa kwa sababu ya mipini kulegea, naye anarudisha dola 600. Zimebaki 200 kabla ya usafiri, na panga tatu asizoweza kumwuzia mtu tena. Wa pili hununua kwa 180, kila upanga ukiwa na picha ya msuka, na kuuza kwa 260. Faida yake ni dola 800 ile ile, na hakuna kilichorudi. Rahisi ghali.

Mwekezaji naye aelewe kwamba katana ya kiwandani si akiba. Inaweza kutengenezwa nyingine kama hiyo kesho, kwa hiyo thamani yake hushuka inapotoka dukani. Kinachoweza kuongezeka thamani ni kazi ya mhunzi anayejulikana, yenye hati, na hilo ni soko lenye mtaji mkubwa na wataalamu wake.

SHERIA KWANZA

Katika forodha panga huwekwa chini ya kichwa 93.07, pamoja na singe na mikuki, yaani katika sura ya silaha. Anayekusudia kuingiza aulize forodha na polisi kwa maandishi kabla ya kulipa. Anayeuza nje azingatie nchi ya mteja: Uingereza, kwa mfano, ilipiga marufuku mwaka 2008 panga zilizopinda zenye bapa la sentimeta 50 au zaidi, isipokuwa chache zikiwemo zilizotengenezwa kwa mkono kwa njia za jadi.

Ghalani, katana hufutwa na kupakwa mafuta mepesi, kwani chuma cha kaboni hushika kutu upesi, hasa kwenye hewa ya pwani. Mafuta ya jadi ya Wajapani huchanganywa na karafuu, zao wanalolijua vema watu wa Unguja na Pemba.

KWA KIFUPI

1. Tarakimu huonyesha kaboni, hazionyeshi ubora wa kazi.
2. Uliza aina ya matiko, na upanga ni wa kazi gani.
3. Uone msuka kabla ya kulipa.
4. Nunua mmoja wa majaribio kabla ya kuagiza kumi.
5. Pata jibu la forodha kwa maandishi.

Muuzaji anayejibu maswali haya bila kubabaika anastahili kulipwa zaidi kidogo. Asiyeyajibu, hata bei yake ya chini ni ya juu.