Jino la Kupandikiza Halitoboki, Bali Fizi Zake Huugua



Wapo miongoni mwetu waliosafiri hadi mijini, wakatumia akiba ya miaka kadhaa, na kurejea nyumbani wakiwa na jino jipya lililopandikizwa ndani ya taya. Huduma hiyo hutolewa zaidi katika hospitali kubwa na kliniki binafsi za mijini, lakini utunzaji wa jino hilo hufanyika hapa hapa katani, mikononi mwa mwenye jino na katika kituo cha tiba kilicho karibu naye. Wengi hudhani kuwa jino lisilo la asili halihitaji uangalizi kwa kuwa haliwezi kuoza. Ni kweli kwamba halitoboki. Hata hivyo, fizi na mfupa vinavyolishikilia ni sehemu hai za mwili, na vikiugua jino hilo huweza kung'oka likiwa zima. Somo la toleo hili linahusu namna ya kuepuka hasara hiyo.

Jino la kupandikiza ni nini?

Jino la kupandikiza ni tofauti na meno ya bandia yanayovaliwa asubuhi na kuvuliwa usiku. Lina sehemu tatu. Ya kwanza ni skrubu ndogo ya madini ya titani, yenye urefu wa kama milimita 10, ambayo daktari huikaza ndani ya mfupa wa taya ichukue nafasi ya mzizi. Ya pili ni kiungio kinachopita katikati ya fizi. Ya tatu ni taji, yaani ile sehemu nyeupe inayoonekana na kutafuna. Kwa kawaida mfupa huhitaji miezi 3 hadi 6 kushikamana na skrubu kabla ya taji kuwekwa.

Mgunduzi wa sifa hiyo ya titani kushikamana na mfupa alikuwa Per-Ingvar Brånemark, mtaalamu kutoka Sweden. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa vipandikizi mwaka 1965 na aliendelea kuvitumia hadi alipofariki mwaka 2006. Kwa hiyo kipandikizi kinaweza kudumu zaidi ya miaka 40, iwapo fizi na mfupa unaokizunguka vitabaki na afya.

Kwa nini fizi zake ni dhaifu?

Jino la asili limefungwa kwenye mfupa na fizi kwa nyuzinyuzi nyingi zilizopenya ndani ya mzizi wake, mfano wa kamba zinazoshikilia nguzo ya hema pande zote. Kipandikizi hakina kamba hizo. Fizi hukizunguka tu, kama shingo ya fulana inavyozunguka shingo ya mvaaji. Kwa sababu hiyo vijidudu hupata njia rahisi ya kushuka hadi kwenye mfupa, na ugonjwa ukishaanza huenda kwa kasi kuliko kwenye jino la asili.

Aidha, kipandikizi hakina mshipa wa fahamu. Jino la asili likitoboka, maumivu humkosesha mtu usingizi na kumpeleka hospitali. Jino la kupandikiza halina mlinzi huyo: mfupa unaweza kupungua kwa miezi mingi pasipo mwenyewe kusikia lolote. Kutosikia maumivu, basi, si uthibitisho kwamba mambo ni salama.

Hatua mbili za ugonjwa

Kila baada ya kula, utando laini wa vijidudu hujengeka juu ya meno. Usipoondolewa huganda na kuwa ukoga mgumu ambao mswaki hauwezi kuubandua. Majaribio ya kitabibu yameonyesha kwamba utando ukiachwa bila kusafishwa kwa wiki 3 tu, fizi zinazozunguka kipandikizi huvimba.

Katika hatua ya kwanza, fizi hugeuka kuwa nyekundu, huvimba kidogo na kutoa damu wakati wa kupiga mswaki. Mfupa bado ni mzima. Hatua hii hutibika kwa usafi wa nyumbani pamoja na kusafishwa na mtaalamu.

Katika hatua ya pili, mfupa unaoshikilia skrubu huanza kuliwa. Dalili zake ni usaha, ladha mbaya mdomoni, harufu isiyoisha, fizi kushuka hadi madini kuonekana, na hatimaye jino kulegea. Mfupa uliokwisha kupotea haurudi kwa urahisi. Matibabu huwa ya upasuaji, ya gharama kubwa, na pengine hayafaulu. Hapa ndipo penye maana ya wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta. Damu kwenye mswaki ndiyo ufa wenyewe.

Usafi wa kila siku

1. Piga mswaki mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dakika 2 kila mara. Tumia mswaki wenye nyuzi laini na dawa ya meno yenye floridi. Uinamishe mswaki kuelekea mahali ambapo jino hukutana na fizi, na usugue taratibu.

2. Mara moja kwa siku safisha kati ya jino hilo na majirani zake kwa uzi wa kusafishia meno au kibrashi chembamba cha kupita kati ya meno. Chagua kibrashi ambacho waya wake umefunikwa kwa plastiki ili usikwaruze titani.

3. Usisugue kwa mkaa, majivu wala mchanga. Vitu hivi hukwaruza, na penye mikwaruzo vijidudu hupata pa kujishikiza.

4. Usichokonoe fizi kwa sindano, pini au wembe.

5. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi hutuliza fizi zilizovimba, lakini hayaondoi utando. Yasichukue nafasi ya mswaki.

6. Badilisha mswaki kila baada ya miezi 3, au mapema zaidi nyuzi zikianza kutawanyika.

Usiache kupiga mswaki kwa sababu fizi zinatoa damu. Zinatoa damu kwa kuwa kuna utando, na ukiacha kuusafisha hali itazidi kuwa mbaya.

Walio katika hatari zaidi

Wavutaji wa sigara wanapaswa kuwa waangalifu kupita wengine. Moshi wa tumbaku hupunguza damu inayofika kwenye fizi. Matokeo yake ni kidonda kuchelewa kupona na dalili ya kutoka damu kufichika. Wenye kisukari kisichodhibitiwa nao wamo hatarini, kwani sukari nyingi mwilini hudhoofisha uwezo wa fizi kupambana na vijidudu. Vilevile mtu aliyepoteza meno yake ya asili kutokana na ugonjwa wa fizi anaweza kupoteza na la kupandikiza kwa sababu ile ile, asipobadili mwenendo wa usafi. Mwenye kusaga meno usingizini amweleze daktari ili apatiwe kinga ya kuvaa usiku.

Uendapo kituo cha tiba

Hudhuria uchunguzi wa kinywa angalau mara moja kila miezi 6, au kwa ratiba uliyopangiwa na daktari wako. Unapofika mbele ya mtaalamu wa kinywa na meno, mweleze kabla ya yote kwamba una jino la kupandikiza. Vyombo vya kawaida vya chuma vya kukwangulia ukoga vinaweza kuharibu uso wa titani, hivyo hutumika vyombo maalumu.

Hifadhi kadi yenye aina ya kipandikizi chako, tarehe uliyowekewa, na picha ya eksirei iliyopigwa wakati huo. Daktari hugundua mfupa uliopungua kwa kulinganisha picha ya zamani na ya sasa. Bila picha ya kwanza, ulinganisho huo huwa mgumu.

Taji likilegea, usilibandike kwa gundi wala kulikaza mwenyewe. Huenda ni skrubu iliyofunguka tu, jambo ambalo hurekebishika likiwahiwa. Kama kituo cha karibu hakina mtaalamu wa kinywa na meno, omba rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya. Huko utachunguzwa na, inapobidi, kuelekezwa hospitali ya rufaa ya mkoa.

Jipime

Je, nimeona damu kwenye mswaki wiki hii? Je, ninasafisha kati ya meno kila siku? Je, najua kadi yangu na picha ya eksirei vilipo? Je, ni lini mara ya mwisho nilichunguzwa kinywa?

Mwananchi aliyejibu ndiyo kwa swali la kwanza asisubiri maumivu. Afike kituo cha tiba wiki hii hii, wakati ugonjwa bado unatibika kwa kusafishwa.