SOMO LA VIJANA: NENO LA UNABII NA KOPO LA KUPIMIA

Masomo: Zaburi 73, Amosi 8:4-7, 1 Samweli 12:1-5, Luka 3:10-14



Katika mikutano ya vijana hapa kwetu Nyamitaba kuna maswali matatu yanayorudi kila mara. La kwanza: Kwa nini yule anayeiba anajenga nyumba ya mabati, na mimi ninayesali sina hata jembe langu mwenyewe? La pili: Mungu aliniumba kwa kazi gani, ikiwa kila siku ninalima viazi na kubeba maharagwe tu? La tatu: Nikikataa ubaya na watu wakaniua, imani yangu itakuwa imesaidia nini?

Tusiseme kwamba kijana anayeuliza hivi amepoteza imani. Aliyepoteza imani haulizi tena, anaondoka. Basi tuyachukue maswali haya moja moja, Biblia ikiwa wazi mbele yetu.

1. WAOVU KUSTAWI

Swali la kwanza liliulizwa zamani sana na Asafu, mwimbaji wa hekalu. Someni Zaburi 73 yote nyumbani. Asafu anakiri kwamba miguu yake ilikaribia kuteleza alipoona waovu wananenepa wala hawasumbuki kama watu wengine. Alifika mahali pa kusema moyoni kwamba alinawa mikono yake bure. Na huyo alikuwa mtu wa Mungu, na maneno yake yaliwekwa ndani ya Biblia ili tujue kwamba Mungu haogopi kuulizwa.

Sisi watu wa Masisi na Walikale tunayo sababu ya kuuliza. Tangu mwezi wa tatu mwaka 1993, vita vilipoanza sokoni Ntoto katika Walikale na kuenea mpaka kwetu Masisi, watu wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Kuna vijana waliozaliwa chini ya mahema ya kambi. Wengine waliona ngombe wa baba yao wakipelekwa mchana, na aliyewachukua hakuitwa mbele ya hakimu hata siku moja. Kijana wa namna hiyo akiambiwa, "Uwe mwaminifu, Mungu atakubariki," anatazama mlima uliokuwa wa baba yake, ananyamaza.

Asafu alipata jibu wakati gani? Mstari wa 17 unasema: alipoingia patakatifu pa Mungu akautambua mwisho wao. Alipoingia humo mali za waovu zilikuwa bado mikononi mwao, na mifuko ya Asafu ilikuwa vilevile. Kilichogeuka ni macho yake. Na katika mistari ya 23 mpaka 26 anaona kwamba Mungu alikuwa amemshika mkono wa kuume wakati wote, hata alipokuwa akiwaza vibaya. Hapo ndipo imani inapoanzia: kujua nani ameshika mkono wako, kabla ya kuhesabu nani ana mabati.

2. NABII NA KOPO

Kanisa letu ni kanisa la unabii, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kuna vijana wanaotafuta unabii kama mtu anayetafuta barua ya kazi. Wanafunga siku tatu ili waambiwe jina la mchumba, au siku ya safari, au mahali penye madini. Basi tuwaulize manabii wa Biblia wenyewe: neno la Bwana lilipowajia, lilizungumza juu ya nini?

Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo, mtu wa kufuata kundi kama wachungaji wetu wa milima hii (Amosi 7:14-15). Mungu alimtoa nyuma ya kundi, akamtuma. Katika sura ya 8 anawakemea wafanya biashara wanaongoja sabato iishe upesi ili wafungue nafaka, wapunguze kipimo, waongeze bei, na wauze hata makapi. Ninyi mnaokwenda sokoni mnaijua dhambi hiyo. Ni lile kopo lililogongwa chini mpaka likaingia ndani, ili mama mwenye watoto sita apate maharagwe pungufu naye asijue. Mungu wa mbinguni, aliyeumba nyota, alimpa nabii maono juu ya kopo.

Tazameni tena Samweli. Alikuwa nabii tangu utoto wake. Alipozeeka alisimama mbele ya Israeli yote ili atoe ushuhuda wa maisha yake. Tungedhani angehesabu maono aliyoyaona. Katika 1 Samweli 12:3 aliwauliza kama alichukua ngombe wa mtu, au punda wa mtu, kama alimdhulumu yeyote, au kama alipokea rushwa ya kumfumba macho. Watu wote wakajibu hapana. Kwa mzee Samweli, ushuhuda wa nabii ulikuwa mikono safi.

Kwa hiyo, kijana, ukitaka kujua kama Roho wa Mungu anafanya kazi ndani yako, usitazame ndoto zako tu. Tazama kopo lako.

3. KAZI YA KILA SIKU

Swali la pili linajibiwa na nabii mwingine, Yohana Mbatizaji. Watu walimwendea mtoni wakauliza: Tufanye nini? (Luka 3:10-14). Mwenye kanzu mbili aliambiwa ampe asiye nayo. Watoza ushuru hawakuambiwa waache kazi yao. Waliambiwa wasitoze zaidi ya kile kilichoamriwa. Askari waliambiwa wasimdhulumu mtu, wasimshitaki mtu kwa uongo, na watosheke na mshahara wao.

Yohana hakumwambia yeyote akae naye jangwani. Kila mmoja alirudishwa nyumbani na kazini mwake, akiwa na neno moja la kutenda. Hivyo maana ya maisha yako haijafichwa Goma wala Kampala wala Ulaya. Mwenye kulima viazi, auze viazi vizuri bila kufunika vilivyooza chini ya gunia. Mwenye chukudu, afikishe mzigo wote alioupokea. Mwalimu asiuze pointi kwa wanafunzi. Anayechimba koltani Rubaya, amlipe mwenzake fungu lake kama walivyopatana. Paulo anafundisha katika Wakolosai 3:23 kwamba kazi yoyote tunayofanya, tuifanye kwa moyo kama tunamtumikia Bwana.

Hapa tunasema neno moja juu ya bariyera za barabarani, maana vijana wanauliza sana. Mama anayetoa franga kwa sababu bunduki iko mbele yake, na yule anayezipokea, hawako sawa mbele za Mungu. Mama ameporwa. Asijihukumu. Lakini kijana wa kanisa anayekubali kushika kamba ya bariyera ili naye apate fungu, huyo Yohana anamtazama usoni.

4. KIJANA MMOJA WA GOMA

Sasa swali la tatu, lililo gumu kuliko yote. Na ikiwa uaminifu unaleta kifo?

Tuna mfano wa karibu, wa jimbo letu wenyewe. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alikuwa Mkatoliki, si mtu wa kanisa letu, lakini ukweli hauna ukuta. Alisoma sheria katika chuo kikuu cha Goma. Pamoja na vijana wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio aliwatunza maibobo, wale watoto wa barabarani ambao wengi wetu huwafukuza. Baadaye alipata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, Office Congolais de Contrôle, pale mpakani Goma.

Kazi yake ilikuwa kuangalia kama chakula kinachoingia ni kizuri. Kikaletwa chakula kilichoharibika, na watu wakampa pesa ili akipitishe. Alikataa. Akaongezewa pesa, naye akakataa tena. Alikuwa amemuuliza mtu wa udaktari chakula hicho kingewafanyia nini walaji, akajua kwamba kingewadhuru. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa, na tarehe 9 mwili wake ukaonekana. Alikuwa na miaka 26. Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana wa Kinshasa mwezi wa pili 2023, na tarehe 15 Juni 2025 kanisa lake lilimtangaza mwenye heri kule Roma.

Tunajifunza nini? Kwanza, Floribert hakutafuta kifo. Alitafuta watu wasile sumu. Mungu hapendi kifo cha vijana, na mtu asiwadanganye kwamba kufa ni njia fupi ya kwenda mbinguni. Pili, alichokataa kilikuwa kitu cha kawaida kabisa, muhuri juu ya karatasi. Wangapi wanapiga muhuri wa namna hiyo kila siku? Tatu, alimfikiria mtu ambaye hamjui: mama wa sokoni, mtoto anayengojea sahani. Huyo ndiye jirani ambaye Yesu anamzungumzia. Danieli naye alikuwa mtumishi wa serikali, na adui zake walipotafuta kosa katika kazi yake hawakuona hata moja (Danieli 6:4). Yeye alitoka katika tundu la simba akiwa hai. Floribert hakutoka. Lakini Mungu aliyekuwa na Danieli ndiye aliyekuwa na Floribert, na Shadraka na wenzake walikwisha kusema kwamba hata wasipookolewa hawatainamia sanamu (Danieli 3:17-18).

5. TUNDA HALIONEKANI UPESI

Imani yake ilisaidia nini? Tujibu kwa kumkumbuka pia Nabii Simon Kimbangu, anayeheshimiwa na makanisa mengi ya kinabii ya Kongo. Alianza kuhubiri na kuponya wagonjwa Nkamba mwezi wa nne 1921. Mwezi wa tisa mwaka ule ule alikamatwa na Wabelgiji. Alihukumiwa kufa, na mfalme Albert wa Kwanza akaigeuza hukumu iwe kifungo cha maisha. Alikaa gerezani Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Hesabuni wenyewe: miezi isiyofika sita ya kuhubiri, na miaka 30 ya kuta nne. Aliyemwona siku ile ya kuzikwa angesema kazi imeisha. Lakini tarehe 24 Desemba 1959 serikali ilitambua kanisa lililotokana na mahubiri yake, na leo watu wake ni mamilioni.

Mbegu ya mtama haimwoneshi mlimaji inachofanya chini ya udongo. Miaka ile 30 ya kimya ilikuwa maisha ya kila siku, asubuhi na jioni, bila umati wala tarumbeta. Huko ndiko imani ilikokaa.

6. NENO KWA WAZEE

Vijana hawajifunzi kwa masikio tu. Kanisa likimpa kiti cha mbele mtu ambaye kila mmoja anajua ngombe wake walitoka wapi, na kumwacha mjane mwaminifu asimame mlangoni, hayo ni mahubiri yenye sauti kuliko ya mimbari. Yakobo 2:1-4 inatuhukumu. Tusiwaombe vijana wachague mikono safi huku sisi tunasifu mikono iliyojaa.

TUFANYE NINI JUMA HILI?

- Kila mmoja achunguze kipimo chake: kopo, mizani, saa za kazi, ahadi ya kulipa deni.
- Usikatae ubaya peke yako. Tafuteni wenzenu wawili, msali pamoja na kushauriana, maana kamba ya nyuzi tatu haikatiki upesi (Mhubiri 4:12).
- Aliyepunguza kipimo arudishe, kama Zakayo alivyofanya (Luka 19:8).

MASWALI YA KUJIBU KATIKA VIKUNDI

1. Ni wapi Asafu alibadilika macho, na sisi tunapata wapi patakatifu pa namna hiyo?
2. Yohana Mbatizaji angekuja sokoni kwetu, angemwambia nini kila mmoja wetu kufuatana na kazi yake?
3. Ni nani atakayedhurika nikikubali ubaya ninaoombwa? Mtajeni mtu huyo, hata kama hamumjui jina.

Mungu aliyewashika mkono wazazi wetu njiani mwa kukimbia awashike na ninyi, asubuhi ya kazi na jioni ya kurudi. Amina.