Khabari na Thamani ya Mali

Ndugu msomaji, wako wadhanio kwamba elimu ya biashara ni hisabu tupu, na kwamba masimulizi ni ya kulazia watoto. Sivyo. Tazama yaliyotokea hapa kwetu Mombasa.

Mwaka 2013, mtaa wa Bangladesh, Mikindani, zilitolewa karatasi za kubadilishana bidhaa, zikaitwa Bangla-Pesa. Mwuza mboga alikuwa na mboga, fundi cherehani ana kazi ya mikono, lakini shilingi hapana. Basi kila mwanachama akadhaminiwa na wenziwe, karatasi ikapokewa. Thamani yake haikuwa katika wino, bali katika khabari za mwenye kuitoa: fulani auza nini, na ahadi yake hutimia.

Kisha ikavumishwa kuwa karatasi hizo zina mkono wa Mombasa Republican Council. Watu wakakamatwa; mashtaka yakaondolewa mwaka ule ule. Je, mboga zilibadilika? La! Kilichobadilika ni masimulizi.

Mfano huo ukafika Nairobi: Gatina-Pesa huko Kawangware mwaka 2014, na Lindi-Pesa huko Kibera mwaka 2015. Huko nako karatasi ilisimama juu ya kujuana kwa majirani.

Basi mambo mawili yatupasa. Kwanza, khabari tuihakikishe, kama tulivyoamrishwa katika Surat al-Hujurat. Pili, deni tuliandike, kama tulivyoamrishwa katika Surat al-Baqara. Maana masimulizi ya mdai na ya mdaiwa hutengana kadiri siku zipitavyo. Neno ndilo limjengealo mtu amana, na neno ndilo limfilisilo.