Kisa cha Wimbo Huulizwaje?

Omba wakupigie "Mario" ya Franco kwenye nganda (baa) yoyote ya Mangobo. Kabla chupa haijafika nusu, utakuwa umeshaambiwa Mario alikuwa nani, alikaa avenyu gani, na yule mama aliyekuwa akimlisha aliuza nini sokoni. Kila komini ya Kisangani ina Mario wake. Maneno ni matamu, yasikilize, ila usiyaandike bado.

Anza na santuri yenyewe, hata iliyokwaruzika. Pale katikati, kuzunguka tundu, kuna karatasi ya duara: jina la wimbo, la okestra, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina la mtunzi. Nyimbo zinazorushwa kwenye simu huja na jina la mwimbaji tu, na hapo ndipo wengi hupotea. Chukua "Shauri Yako". Miaka ya 80 Afrika Mashariki yote iliujua kwa sauti za Super Mazembe, Wakongo waliohamia Nairobi, lakini mwenye wimbo ni Nguashi Ntimbo, aliyeuimba kabla yao. Ukitafuta kisa chake kwa Super Mazembe, umebisha hodi nyumba ya jirani.

Kisha tafuta mwaka. Mwaka humaliza ubishi mwingi. "Candidat na biso Mobutu" ya Franco ni ya 1984, mwaka wa uchaguzi wenye mgombea mmoja. Hapo hakuna fumbo la kufumbua. Lakini mwaka pia hudanganya anayependa kuunganisha. Franco alitoa "Attention na SIDA" (SIDA ndiyo UKIMWI) mwaka 1987, akafariki Ubelgiji Oktoba 1989, na watu wakashona tarehe hizo mbili zikawa kisa kimoja. Wewe ziandike kwenye mistari miwili tofauti, basi.

Sisi wa Boyoma, yaani Kisangani, tuna mtego wetu: Abeti Masikini. Alizaliwa hapa mwaka 1954, mji ukiitwa bado Stanleyville. Baba yake, Jean-Pierre Finant, rais wa Jimbo la Mashariki na mtu wa Lumumba, aliuawa Bakwanga mwaka 1961. Mwaka 1986 Abeti akatoa "Je suis fâché" (nimekasirika), na utakutana na mtu atakayekuapia kwamba hasira ile ni ya binti wa Finant. Inavutia, nakubali. Muulize tu mstari gani unasema hivyo. Koffi Olomide naye alizaliwa hapa, ila akakulia Kinshasa. Kitanda cha uzazi hakitungi nyimbo.

Sasa nenda kwa mzee. Usimuulize "wimbo huu unamaanisha nini," maana atakutungia jibu palepale kwa heshima. Sema: "Papa, wimbo huu ulikukuta wapi?" Atakutajia redio ya nani, baa gani, mshahara ulikuwa umechelewa au la. Akishafika kwenye kisa, uliza kwa upole: "Na hiki, papa, ulikisikia kwa nani?" Swali hilo moja lina kazi kubwa kuliko mengine yote. Andika jibu pembeni ya kisa: redioni, kwa mwanamuziki, au "watu walisema." "Watu walisema" usiitupe, inakuonyesha mji ulikuwa ukiogopa nini na kucheka nini. Ila isipande ngazi ikawa ushahidi.

Pigeni wimbo mzima mkiwa pamoja. "Mario" ya 1985 inapita dakika 10, na Franco haimbi tu, anaongea kama mjomba aliyechoshwa na kijana msomi anayelelewa na mwanamke mwenye pesa. Anayekata wimbo sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza, ikianza, au anayeruka maneno akimbilie sebene, amepata nusu. Majina yanayoitwa ndani ya sebene yaandike kando pia: mara nyingi ni rafiki au mfadhili anayesalimiwa, hahusiki na kisa kabisa.

Ukimaliza na papa, usiage bado. Mama yuko uani anasikia kila kitu, na wakati ule naye alicheza. Mpigie "Mario" hiyohiyo umwulize habari za yule mwanamke mwenye pesa. Nyumba nyingi papa humcheka. Mama atakuuliza kwanza kodi ya nyumba ilikuwa inalipwa na nani.