Kumsomea Swali Si Kumpendelea

SWALI: Nafundisha Darasa la Tatu katika shule ya msingi wilayani Bahi. Nina mvulana anayejibu maswali ya Sayansi vizuri sana kwa mdomo, lakini ukimpa kitabu anaokota herufi moja moja, na akitaka kuandika "baba" anaandika "dada". Wenzake wanamwita kilaza. Mwalimu mkuu anataka akariri darasa. Nikimsomea maswali ya jaribio, si nitakuwa nampendelea?

JIBU: Mwalimu, hutampendelea, maadamu unajua unapima nini. Jaribio likiwa la kusoma, asome mwenyewe. Likiwa la Sayansi, unataka kujua anaelewa nini kuhusu mimea na maji, kwa hiyo msomee swali na umruhusu ajibu kwa mdomo. Ukimkata alama za Sayansi kwa sababu ya tahajia, umemwadhibu mara mbili kwa kosa moja.

Kabla ya yote, mzazi ampeleke akapimwe macho na masikio. Mkoa wetu wa Dodoma, hasa Kongwa, umesumbuliwa na trakoma miaka mingi, na asiyeona ubao naye huokota herufi hivyo hivyo. Kuna pia watoto wanaokuja shule wakiwa na Kigogo tu. Hao hujifunza lugha na herufi kwa pamoja, na wanahitaji muda. Lakini huyu wako anajieleza vizuri kwa Kiswahili, kwa hiyo lugha siyo inayomkwamisha.

Akionekana mzima wa macho na masikio, inawezekana ana disleksia: ugumu wa kuunganisha herufi na sauti, ambao mtu huzaliwa nao, na hautokani na uvivu wala upungufu wa akili. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo wengi wenye disleksia hatimaye husoma kwa usahihi, ila polepole mno. Wepesi huo wa Kiswahili huwaficha, hadi Kiingereza kinapowaangusha sekondari. Kwa hiyo jambo kubwa la kumpa ni muda.

Usimsimamishe ghafla asome mbele ya darasa. Mpe aya atakayoisoma siku moja kabla, akajizoeze. Kunakili ubao mzima kunammaliza. Mwenzake anayeandika haraka amwazime daftari, au mwandikie mambo makuu tu. Akisoma, afunike mistari ya chini kwa kipande cha karatasi. Kwa b na d, mtoe nje achore herufi mchangani kwa kidole huku akitamka sauti yake, moja kwanza hadi aizoee, ndipo nyingine. Hata darasa likiwa na watoto mia, haya yanawezekana. Na neno "kilaza" lipige marufuku leo.

Andika tarehe, alichosoma na muda aliotumia, kisha upeleke kumbukumbu hizo kwa afisa elimu maalum wa halmashauri, uombe apimwe na wataalamu. Usingoje, kwa maana Darasa la Nne kuna upimaji wa kitaifa, na maombi ya muda wa ziada hayaanzi wiki ya mtihani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma pamoja na wenzake na kupewa msaada anaouhitaji.

Kuhusu kukariri, mwaka wa pili kwa njia ileile utamwongezea aibu tu. Mwombe mwalimu mkuu akupe muhula mmoja ufundishe hivi kabla hajaamua.