Ukipita Whona, Tazama Chini

Wengi wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hutembea macho juu, wakiitafuta theluji ya kilele cha Kibo. Ukishaacha kituo cha Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, ukielekea Horombo, yashushe. Utapita eneo la Whona, ulikoanzia moto wa tarehe 11 Oktoba 2020. Uliteketeza kilomita za mraba zipatazo 95. Askari wa hifadhi, wanavijiji na wanafunzi wa chuo cha Mweka walipambana nao siku kadhaa.

Mimea inayotangulia kurudi ni ile iliyokuwa na akiba ardhini. Kangaga la mlimani lina shina linalotambaa chini ya udongo, ambako joto la moto halifiki sana. Mvua ikinyesha, machipukizi yake yaliyojikunja hutoboa jivu. Nyasi nazo huota upya kutoka mashinani. Chunguza visiki vyeusi vya miti ya erika: mara nyingi vichipukizi laini hutokea kwenye tako la kisiki. Helikrisamu, ambayo maua yake hukwaruza kama karatasi ukiyagusa, huja kwa njia ya hewani. Mbegu zake nyepesi zenye manyoya hubebwa na upepo hadi palipo wazi.

Kijani hicho kinapendeza, lakini msitu bado haujarudi. Erika kongwe, ndefu, zilizofunikwa na nyuzi za kijivu zinazoning'inia matawini, hunasa ukungu na kuudondosha ardhini, ukawa maji. Moto ukirudiarudia, vichaka vifupi hushika nafasi ya miti hiyo na maji hayo hupungua. Kwangu mimi, hilo linastahili kutazamwa kuliko kilele.

Lala Mandara, uondoke alfajiri kabla ukungu haujapanda. Ada za hifadhi hulipwa kabla ya kuanza safari, na mwongozaji mwenye leseni ni lazima. Beba koti la mvua hata Januari. Usitoke njiani, kwani udongo uliopoteza mizizi huporomoka upesi, na usichume chochote.

Taarifa za awali za hifadhi zilisema moto wa 2020 uliwaka wapagazi walipokuwa wakiwapashia wageni chakula. Basi kubali kula chakula baridi mchana, usivute sigara njiani, na ukiona moshi mwambie mwongozaji wako papo hapo.