Nguvu za jua, maji na kuni: tuzitumie bila kuumia

USALAMA NA AFYA

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumbani,

Anayetoboa jiwe anajua kwamba vumbi ni adui. Kwa hiyo kazini anavaa maski na kumwagia jiwe maji kabla ya kutoboa. Lakini jioni anarudi nyumbani na kuketi jikoni penye moshi, akivuta hewa mbaya kwa mara ya pili. Mama na mtoto wa mgongoni wamo humo tangu asubuhi. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiofika miaka 5. Ndiyo sababu leo ukurasa huu unafundisha juu ya nguvu tunazotumia nyumbani.

Nguvu zisizokwisha ni nini?

Mazutu na mafuta ya taa hutoka ardhini. Yanayochomwa leo hayarudi tena. Jua, maji ya mto na upepo hurudi kila siku. Kuni nazo hurudi, lakini kwa sharti moja: anayekata apande.

1. Maji na upepo

Maji yanayoanguka kutoka juu huzungusha gurudumu, nalo gurudumu huzungusha mashine ya umeme. Migodi ya nchi yetu inaijua kazi hiyo tangu zamani. Mwaka 1930 kituo cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kilianza kutoa umeme kwa ajili ya shaba ya Katanga. Hapa kwetu Maniema, mto Lutshurukuru ulifanyizwa kazi hiyo kwa ajili ya bati ya Kalima. Baadaye likaja bwawa la Inga, sehemu ya kwanza mwaka 1972, ya pili mwaka 1982.

Upepo una nguvu pale unapovuma sana. Huko Kenya, karibu na ziwa Turkana, kuna mashine 365 za upepo. Kwetu katika misitu upepo ni mdogo, basi tusipoteze mali huko. Tutazame jua.

2. Jua

Pano ya jua hugeuza mwanga kuwa umeme, na betri huuweka hadi usiku. Kabla ya kununua vyombo, fanya hesabu. Pano ya wati 50, kwa saa 4 za jua kali, inatoa 50 × 4 = wati-saa 200. Sehemu hupotea njiani, basi tuhesabu 140 tu.

Taa 3 za wati 5, kwa saa 5: 75.
Redio ya wati 5, kwa saa 6: 30.
Simu 2: 20.
Jumla: 125. Hesabu inatosha.

Ukiongeza televisheni ya wati 60 kwa saa 3, hiyo peke yake inakula 180. Betri itachoka kila usiku, na haitakaa muda mrefu. Usiseme kwamba pano ni mbaya. Ni hesabu iliyokosewa.

Kasongo na Kabambare ziko kusini kidogo ya ikweta. Kwa hiyo laza pano karibu sawa, ikiinama kidogo upande wa kaskazini, ili mvua iioshe. Usiiweke chini ya mwembe: kivuli kidogo tu hupunguza umeme sana. Ifute vumbi wakati wa kiangazi.

Angalieni betri! Ndani ya betri ya gari mna asidi na risasi. Iweke penye hewa, mbali na moto na mbali na watoto, kwa maana inapojazwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika 20, kisha njoo dispansere upesi. Betri iliyokufa msiivunje wala kuyeyusha risasi yake nyumbani. Sumu ya risasi huharibu akili ya mtoto.

Faida ya taa ya jua ni kubwa. Haina moshi, na chupa ya mafuta ya taa inaondoka nyumbani. Watoto wengi huyanywa wakidhani ni maji. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, maana yataingia mapafuni. Mlete mara moja.

Jua husafisha maji pia. Chukua chupa ya plastiki nyeupe inayoonyesha ndani, isiyozidi lita 2. Jaza maji maangavu, uilaze juani tangu saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Kukiwa na mawingu mengi, iache siku 2. Vijidudu vinavyoleta kuhara vitakufa. Lakini sikilizeni: jua haliondoi zebaki. Maji ya kijito ambako watu wanasafishia dhahabu kwa zebaki hayafai kunywewa, hata yakichemshwa.

3. Kuni na makala

Wengi wetu tutaendelea kupika kwa kuni, basi tupike vizuri. Jenga jiko la udongo linalofunga moto pande zote. Linakula kuni chache kuliko mafiga matatu. Tumia kuni zilizokauka. Funika sufuria. Maharage yaloweke usiku kucha, yataiva upesi. Fungua dirisha la jiko, au pika nje, na mtoto akae mbali na moshi.

Mbabula yenye makala usiilaze kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi. Makala hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu hulala wazima, na asubuhi hukutwa wamekufa. Ukiamka kichwa kinauma na miguu ni mizito, fungua mlango, mtoe kila mtu nje, uombe msaada.

Nao mti mmoja ukikatwa, upandwe mwingine. Huko Mampu, karibu na Kinshasa, watu walipanda akasia kwenye hektari 8,000 hivi, wakapata makala pamoja na mashamba ya mihogo. Nyuma ya nyumba zetu panaweza kusimama miti kumi.

MASWALI YA KUJIPIMA

Je, betri yako iko wapi usiku, na watoto wanalala wapi?
Mbabula inazimwa wapi?
Maji mnayokunywa yanatoka kijito gani?

Jibuni pamoja, baba na mama, leo jioni. Asiyejua kusoma, jirani amsomee. Kinga ya nyumbani haihitaji dawa ya dispansere, na ninyi wenyewe ndio waganga wake.